Mifuniko ya Katalonia

Mimi naitwa Fatu, mpika kashata, na dirisha la jiko langu linatazama baraza la kahawa la Mwinyimvua. Nyumba nimeikuta hivyo, sikuipanga mimi, kwa hiyo asije mtu akaniambia nina umbea. Nikikoroga sukari nasikia. Nikikata kashata nasikia. Wanaume wa mtaa huu wakibishana, hata aliyelala nyumba ya tatu anasikia.

Na mwaka ule wa elfu mbili na kumi na saba walibishana, Mungu wangu! Walibishana mpaka wakaigawa nchi, na nchi yenyewe ni mabenchi na jiko la mkaa.

Lakini kwanza nikwambie Mwinyimvua ni nani, maana habari hii ni yake. Ni mtu mwembamba, kofia ya kushona kwa mkono haimtoki kichwani, na vikombe vyake vinalia mkononi kabla hujamwona. Alikuja Bagamoyo akiwa mtoto wa mgongoni, mama yake kambeba kutoka Lugoba. Lugoba yenyewe iko hapo tu, unaondoka asubuhi na adhuhuri umesharudi, lakini watu wa mji huu bwana! Kaoa hapa, mke kamzika hapa, mtoto kamlea hapa, na bado wanamwita Mwinyimvua wa Lugoba. Ukienda huko Lugoba kumuulizia, hakuna anayemjua. Baba yake alikuwa utingo wa lori, alishuka siku moja akapanda siku nyingine, basi, habari yake ikaishia hapo. Mama alikuwa mtoto pekee. Kaka hana, dada hana, binamu hana. Ana binti mmoja, Adila, aliyeachiwa na mkewe, marehemu Ashatu.

Na hagombani. Hilo ndilo lililokuwa linaniudhi. Mtu akimwambia kahawa chungu, anasema pole. Akimwambia nyepesi, anasema pole. Mimi ningeshammwagia mtu! Siku moja nikamuuliza kupitia dirishani, "We Mwinyimvua, wewe hukasiriki?" Akacheka, akaniambia, "Bi Fatu, wewe ukigombana na Haji, kesho mnapelekeana futari. Mimi nikigombana naye, ataniambia nirudi kwetu. Na mimi kwetu ndiyo hapa."

Alisema huku anasuuza vikombe, kama mtu anayezungumzia bei ya mkaa. Siku ile sukari niliikoroga mpaka ikaganda.

Baraza lile lilikuwa na wakubwa wawili, wametoka chuo cha Kurani pamoja. Mmoja ni huyo Haji, fundi seremala, mpenzi wa Barcelona, jezi anavaa mpaka karakana, imejaa vumbi la mbao. Mwingine Shuaibu, mpiga mnada wa samaki kule sokoni, mpenzi wa Real Madrid, na sauti yake ni ya mnada: akikusalimia unadhani anakuuzia nguru. Baraza lilikuwa na mali pia. Masufuria makubwa ya pilau, yale ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, na mifuniko yake mizito. Mtaani kukiwa na harusi au khitma, wanaume wa baraza ndio wapishi. Utaratibu wetu ndio huo tangu zamani, na pilau lao, ingawa sipendi kuwasifu, ni pilau.

Sasa redio ikaleta habari. Kuna jimbo la Uhispania linaitwa Katalonia, lina lugha yake, lina bendera yake, linataka kujitenga liwe nchi. Hapo hakuna aliyeshtuka. Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Wazee, si ndiyo kwenye Barcelona huko?"

Haji aliruka kama kakalia kaa la moto. "Barcelona waende wapi? Watacheza ligi gani? Watacheza na nani?"

"Watacheza wenyewe kwa wenyewe!" akanguruma Shuaibu. "Waende! Wawape uhuru leo leo! Ligi itabaki yetu!"

Mabenchi yalivunjika mbavu kwa kicheko. Mimi mwenyewe kashata ziliungua.

Basi ndivyo ilivyoanza, kwa mpira. Lakini watu wa Katalonia walipopiga kura ya kujitenga, ikawa si mpira tena. Shuaibu aliona kwenye simu askari wanawapiga watu marungu mbele ya masanduku ya kura, akaja barazani macho mekundu. "Mtu anakwambia sikutaki, unamshika kwa rungu? Hiyo ni ndoa gani? Watu wakisema tunataka wenyewe, ni wenyewe!"

"Na waliomo humo humo ambao hawataki kuondoka?" Haji akamjibu. "Nao unawaburuza? Mimi ni fundi, Shuaibu. Ukibomoa ukuta wa katikati kwa sababu upande mmoja hawaupendi, paa utaliweka juu ya nini?"

"Paa gani linalokaa kwa marungu?"

"Na nchi gani inayoanza kwa kelele?"

Haki ya Mungu, wote wawili walikuwa na maneno. Mkono wangu unakoroga, kichwa kinakwenda kwa huyu, kinarudi kwa yule. Watu walianza kuja kutoka mitaa mingine kuwasikiliza tu. Alikuja mwalimu, walikuja mafundi cherehani, alikuja mtu na gari lake akaliegesha katikati ya njia. Dele la kahawa la Mwinyimvua halikukaa chini. Alikuwa anazunguka anamimina kulia, anamimina kushoto, na mtu akimuuliza, "Wewe uko upande gani?" anasema, "Mimi niko upande wa kahawa."

Na tusidanganyane. Pwani hii ukitamka neno kujitenga, kila mtu anatazama baharini upande wa Unguja, halafu anatazama miguu yake. Wapo wenye mama kule, wapo waliooa kule. Mtu akikaribia kuyagusa ya hapa, Mwinyimvua anakohoa. "Kahawa jamani, inapoa." Ya Uhispania yalikuwa ya mbali, hayana mwenyewe, utabishana utacheka utakwenda kulala. Ndivyo tulivyodhani.

Ikaja ile Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Shuaibu alikuwa na redio sikioni. Ghafla akasimama juu ya benchi. Juu ya benchi, na umri ule! "Wametangaza! Bunge lao limetangaza! Katalonia nchi!"

"Nani kaitambua?" Haji akauliza, mikono kiunoni. "Nitajie nchi moja iliyoitambua."

"Mimi naitambua!"

"Wewe nani? Wewe mpiga mnada!"

Kweli hapo Haji alikosea. Shuaibu alishuka taratibu, akashika kichwa kimoja cha benchi, akawatazama wenzake. "Hata sisi tunajitenga. Anayependa uhuru ashike upande wa pili." Na wakashika! Nusu ya baraza ilinyanyuka na mabenchi yake, ikavuka barabara, ikatua chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Vijana wakapiga makofi na mbinja, mmoja akafunga kanga ya mkewe kwenye mti iwe bendera. Nilicheka mpaka machozi. Nilidhani kesho watarudi.

Hawakurudi. Kesho yake Shuaibu alituma mtu kudai masufuria, nusu kwa nusu. Haji akajibu masufuria yako karakanani kwake, ni mali ya serikali halali, hayatoki. Shuaibu akasema vizuri sana, mifuniko iko nyumbani kwake tangu khitma ya mwezi uliopita, nayo ni mali ya Katalonia, haitoki. Wakashangilia pande zote mbili, kila mmoja anajiona mshindi. Watu wazima wale! Mwenye sufuria bila mfuniko anashangilia, mwenye mfuniko bila sufuria anashangilia. Hakuna hata mmoja aliyekaa akafikiri.

Hapo sikucheka tena, maana harusi ya Adila ilikuwa mlangoni.

Adila alikuwa anaolewa na Twalib, kijana wa Pangani, mtulivu, wa ukoo mkubwa wenye wajomba na ami wa kujaza msikiti. Ami yake mkubwa, Mzee Abdulnasir, alipokuja kuleta posa alimwambia Mwinyimvua maneno haya, na mimi nilikuwepo naandaa chai: "Sisi hatuoi mtu mmoja, tunaoana ukoo na ukoo. Siku ya ndoa nitapenda kuwaona ndugu zako." Na Mwinyimvua, ambaye hajawahi kusema uongo, akasema, "Ndugu ninao, mzee. Utawaona."

Sasa ndugu wenyewe ndio hao, mmoja huku, mmoja ng'ambo ya barabara.

Alikwenda kwa Haji. Haji akasema, "Pilau nitapika mimi, hilo ondoa shaka. Lakini Shuaibu asisogee jikoni wala turubaini. Akija yeye, naondoka." Alikwenda kwa Shuaibu. Shuaibu akasema, "Adila ni mwanangu, nitakuja. Lakini mkeka mmoja na Haji sikai." Mwinyimvua akarudi, akasimama dirishani kwangu, dele mkononi, halina kahawa.

"Bi Fatu," akaniambia, "watu wa Pangani watakuja wajae turubai zima. Upande wetu nitakaa peke yangu. Mwanangu ataingia kwenye ukoo ule kama mtoto aliyeokotwa. Siku wakimuonea, nani atakwenda kuuliza?"

"Wafokee!" nikamwambia. "Waite wote wawili uwafokee, wana akili za watoto hao!"

Akatikisa kichwa tu. Nilitamani nimtikise mimi. Nikafanya nililoweza: niliwanyima kashata. Huku hakuna, kule hakuna. Shuaibu akapiga kelele ng'ambo kwamba nimeweka vikwazo vya uchumi. Nikamwambia ndiyo, na ukiendelea nitawanyima na tende.

Siku ya harusi ikafika, Jumapili, hali ya hewa nzuri. Adila nilimweka kwangu, maana kwao hakuna mwanamke mkubwa. Kapambwa, kanukia udi, kakaa kitandani. Turubai limefungwa pale pale mbele ya dirisha langu. Haji na watu wake wako jikoni uani kwa Mwinyimvua tangu alfajiri, jezi ya Barcelona chini ya aproni. Ng'ambo, kwenye kile kibaraza, Shuaibu kakaa na watu wake, kanzu nyeupe, kofia mpya, hageuzi shingo. Na pembeni yake, nikakodoa macho, kuna mifuniko. Imesuguliwa kwa jivu mpaka inang'aa, imepangwa mmoja juu ya mwingine.

Nikajua. Yule mtu alikuwa anangoja kuombwa.

Simu ikaja kwamba wageni wameshapita Msata. Mwinyimvua akawa anakwenda na kurudi turubaini, kanzu yake mpya inamganda kwa jasho. Kule uani vitunguu vimekaangwa, nyama imeingia, mchuzi umechemka, mchele umetiwa. Na mpishi yeyote anajua kinachofuata: maji yakianza kukauka unafunika, unapalia makaa ya moto juu ya mfuniko, pilau linaiva juu na chini. Bila hivyo chini kunaungua na juu kunabaki mchele wa kutafuna.

Nikamsikia Haji. "Mifuniko!"

Nikasikia vyombo vinapekuliwa.

"Nasema leteni mifuniko, maji yanakwisha!"

Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Iko Katalonia."

Wallahi ningekuwa na nafasi ya kucheka ningecheka mpaka leo. Walihangaika wale! Wakaleta masinia, yakatumbukia. Haji akaleta mbao za karakanani, zikaanza kufuka moshi unaonuka rangi. Harufu ya kuungua ikaanza kuja, ile harufu ya kwanza kabisa, ambayo bado unaweza kuiokoa. Haji akatoka mbio mpaka ukingoni mwa barabara, mwiko mkononi, jasho linamtiririka.

"Shuaibu! Leta mifuniko!"

Shuaibu hakunyanyuka. Lakini nilimwona anauvuta karibu mfuniko wa juu, naye harufu imemfikia. "Unamwita nani? Mpiga mnada, au nchi jirani?"

"Mchele unaungua, mtu mzima wewe!"

"Nimeuliza swali."

Mtaa mzima ulitoka nje. Wanawake waliokuja kupamba waliniacha na bibi harusi wakakimbilia barazani. Bodaboda zilisimama. Mwinyimvua akaingia katikati ya barabara na kanzu yake mpya, anamtazama huyu, anamtazama yule, midomo inacheza, sauti haitoki. Nilitoa kichwa chote dirishani. "Haji!" nikapiga kelele. "Utaaibisha mtoto wa watu kwa sababu ya mpira? Mwambie!"

Haji akatazama moshi. Akatazama mwiko. Akamtazama Mwinyimvua, na hapo uso wake ukabadilika. Akaunyanyua mwiko juu.

"Haya! Naitambua! Katalonia ni nchi, naitambua, na wewe si mpiga mnada tu, wewe ni ndugu yangu na nilikosea! Umeridhika? Leta mifuniko!"

Oooh! Mtaa ulilipuka! Vigelegele, mbinja, honi za bodaboda, na Shuaibu tayari yuko mbio, mfuniko mmoja kifuani mwingine kichwani, kanzu kaishika kwa meno, watu wake nyuma wanabeba mingine. Yule aliyekaa siku zote hizo kwa maringo alivuka barabara kabla sijafumba kinywa. Wakaingia uani kwa pamoja, na sasa sauti zikawa mbili: "Funika hili kwanza!" "Si hilo, hilo bado!" "Makaa zaidi!" "Unataka kuchoma nini?" Kidogo kidogo harufu ikageuka, ikawa ya bizari na mdalasini. Nilirudi kukaa nikamshika Adila mkono.

Wageni wakafika, mabasi yamejaa. Wakakaa upande wao, wakajaza turubai kama tulivyojua. Upande wetu Mwinyimvua kakaa mbele, peke yake, magoti pamoja. Kabla ya khutba ya ndoa Mzee Abdulnasir akasafisha koo.

"Tumefurahi kupokewa. Sasa tungependa tuwajue ndugu wa baba wa bibi harusi."

Mwinyimvua akafungua kinywa. Nikafumba macho mimi. Nilipoyafumbua, watu wawili walikuwa wanaingia kutoka uani, wamejaa masizi, kanzu ya mmoja ina alama ya mfuniko kifuani, mwingine jezi imetokeza. Wakaketi, mmoja kulia kwake, mmoja kushoto. Na nyuma yao baraza zima likamiminika, wa huku na wa ng'ambo, mpaka ikabidi watu wa Pangani wasogee.

"Mimi ndiye kaka yake mkubwa," akasema Haji.

"Samahani mzee," akasema Shuaibu, na ile sauti yake, "kaka mkubwa ni mimi. Huyu ananifuata."

"Nakufuata wapi? Uliniona nazaliwa?"

"Nilikuona ukilia chuoni!"

"Nani aliyelia? Mbele ya wageni unasema hivyo?"

"Hao si wageni tena, waache wajue!"

Na ndipo ikatoka. Sauti ambayo sikuwahi kuisikia, wala mtu yeyote wa mtaa huu hakuwahi, ikapasua turubai zima.

"Kaeni kimya nyote wawili! Mnaniaibisha! Mmenisumbua mwezi mzima, mmekula maini yangu, na leo mnakuja kubishana juu ya kichwa cha mwanangu! Mmekosa adabu!"

Mwinyimvua. Kasimama, kofia imemkaa upande, kidole kiko mbele ya pua ya Haji. Halafu akajisikia mwenyewe. Nikamwona anaingiwa na hofu, anamtazama Haji anangoja jibu, na nilijua ni jibu gani analolingoja: rudi kwenu. Lilikuwa linamngoja tangu utotoni.

Haji akainamisha kichwa. "Basi usinifokee hivyo, bwana," akanong'ona. "Mimi mkubwa wako."

"Akufokee," akasema Shuaibu. "Unastahili."

Mzee Abdulnasir alicheka mpaka akashika mbavu, na Pangani nzima ikacheka naye. "Inatosha, inatosha! Tumewaona. Kwetu ni hivi hivi."

Nyuma yangu Adila alikuwa ameinuka kitandani, mkufu unamlia shingoni.

"Shangazi Fatu, nani yule anayefoka?"

"Baba yako."

"Baba?" Macho yakamtoka. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu," nikamwambia, nikajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kaa chini. Anagombana na ndugu zake."